Lango la Wengi

Tausi Nzomo hakuwa na digrii, na hilo angekwambia kabla hujamuuliza. Kazi yake ilikuwa kutunza vifaa vya maabara ya fizikia katika chuo kimoja huko Juja. Lakini mwaka 1997 alikuwa anahangaika na jambo ambalo hata maprofesa walikuwa bado wanalipapasa gizani.

Mwalimu Kinyanjui wa chuo hicho alikuwa amempa nakala ya makala kutoka ng'ambo. Ilisema transista, vile vipande vya kufungulia na kufungia umeme ndani ya kompyuta, zitapunguzwa ukubwa hadi siku moja zishindwe kuzuia umeme usivuje. Badala yake ziwekwe seli ndogo mno zisizopitisha umeme: kila moja imsukume jirani yake tu, jirani amsukume mwenzake, hadi jibu lifike upande wa pili. Seli zenyewe zilikuwa bado ndoto. Saketi zake, hata hivyo, mtu angeweza kuzichora kwa penseli katika daftari la hesabu, na Tausi alijaza madaftari manne.

Kila kitu kilisimama juu ya lango moja, yaani kiungo kinachotoa uamuzi katika saketi. Seli ya katikati husikiliza majirani watatu, kisha hufuata wawili wanaokubaliana. Tausi alicheka peke yake alipolielewa: wengi wape! Kumbe wahenga walikuwa mafundi wa saketi. Na ukimfunga mmoja wa watatu aseme "ndiyo" daima, "ndiyo" moja tu ya mwenzake inatosha kushinda.

Lango kama hilo lilikuwapo nyumbani kwao pia, Majengo ya Thika. Kaka yake Ayub, fundi wa baiskeli, alitoka asubuhi moja ya Aprili 1993 kuelekea mto Chania, asirudi. Kila Aprili baba mdogo alikuja kutoka Ruiru na swali moja: Ayub yu hai, au asomewe hitma? Yeye alisema amekufa. Tausi alisema yu hai. Mama yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Ayub, alisema yu hai. Wawili kwa mmoja, na baba mdogo akarudi Ruiru na Kurani yake kwapani. Mwaka huu angekuja Jumapili.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Tausi alikuwa na ubao wake mezani. Alikuwa ameugeuza mchoro kuwa kitu cha kuonekana kwa macho, akipanga sindano za dira kuukuu mahali pa seli. Kule Juja zilipiga kura bila kosa. Hapa nyumbani sindano ya mwisho ilikataa. Majirani watatu walisema hivi, yenyewe ikasema vile.

Akaondoa vyuma vyote vya karibu: visu, vijiko, hata kufuli la mlango. Sindano ikatulia, kisha ikaanza kugeuka polepole, kutoka upande wa jikoni hadi upande wa chumbani, ikakoma. Mama alikuwa ametoka jikoni kwenda chumbani. Aliporudi, sindano ilirudi naye.



"Tausi, hiyo kitu yako inaniangalia," mama alisema, wala hakuwa anatania.

"Ayub?" Tausi alinong'ona kabla hajajizuia. Mama akashtuka, sindano nayo ikatikisika.

Tausi aliogopa sana, tusimfichie. Lakini mkono uliozoea maabara hauachi kazi kwa sababu mwenyewe anatetemeka. Chuma kitupu huvuta ncha zote mbili za sindano. Hiki kilikuwa kinaisukuma ile ncha nyekundu. Basi kilikuwa sumaku, na katika nyumba ile sumaku iliyowahi kuingia, mbali na sindano zake, ilikuwa moja. Aliitengeneza yeye mwenyewe kule Juja, akiisugua kwa sumaku ya maabara ili gololi za baiskeli ziinate, zisipotelee vumbini: spana namba kumi na tatu, iliyokaa siku zote katika mfuko wa nyuma wa Ayub.

"Mama, umefunga nini kiunoni?"

 Mama akafungua pindo la leso, akaitoa ile spana.

"Watu wa Chania walizitoa majini, wakaniletea. Hii na suruali yake. Miaka nne sasa."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa umekataa chakula, Tausi. Hata maji. Siku ile baba yako mdogo aliuliza, ukasema ako hai, ukakula. Nikasema, basi na mimi nitasema hivyo hivyo."

 Miaka minne Tausi aliamini wamekuwa wawili. Kumbe mama alikuwa amefungwa aseme "ndiyo" daima, na jibu lilikuwa la Tausi peke yake.

Jumapili baba mdogo alikuja, akanywa chai, akauliza. "Haya. Kijana ako hai?"

"Hapana," alisema Tausi. "Asomewe."

Baba mdogo aliweka kikombe chini, akamgeukia shemeji yake. Tausi naye alimgeukia, akingoja apumue hatimaye, autue ule mzigo aliobebeshwa.

"Ako hai," alisema Mama Ayub.

Alisema kama alivyosema kila mwaka, mkono ukiwa juu ya pindo la leso. Wawili kwa mmoja.

"Mama Ayub," baba mdogo alisema taratibu, "wengi wape."

"Nimewapa," alijibu. "Lakini kesho mtaniita nani?"