Nikipata Cheti, Nitaondoka

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, nilipoanza kusoma upya sarufi ya Kiingereza. Shule niliiacha kidato cha pili, mwaka aliofariki baba, na haikupita miaka miwili nikaolewa Bungoma. Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma mabango na karatasi za hospitali. Kukiandika nilikuwa naogopa.

Kilichonirudisha kwenye vitabu ni chekechea ya mtaani kwetu. Nilikuwa napika uji pale, naosha watoto mikono, na mwalimu akiugua nashika darasa. Siku moja mwalimu mkuu akaniita pembeni.

"Mama, hawa watoto wanakupenda," akasema. "Lakini bila cheti cha kidato cha nne siwezi kukupa darasa."

Nikaamua kufanya mtihani huo kama mtahiniwa wa nje. Hesabu sikuiogopa sana. Kiingereza ndicho kilichonikosesha raha. Mume wangu, fundi wa kuchomelea milango na madirisha na mtu wa maneno machache, alisema, "Soma tu." Kisha akaongeza, "Si uko na dada yangu? Yeye ni mwalimu wa hicho kitu."

Wifi yangu alikuwa akifundisha Kiingereza darasa la saba. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, akarudi kwao na mtoto wake wa kike, akapewa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama yake, hatua chache kutoka kwetu. Nilimpenda. Katika boma lile ni yeye peke yake aliyecheka kwa sauti. Aliniita mulamwa, kama wanavyoitana mashemeji kwao, na hata akiniita kwa hasira ya kutania, neno hilo lilinifanya nijihisi mwenyeji.

Tulisoma Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, jikoni kwake. Yeye alikuwa na kalamu nyekundu, mimi daftari la kurasa tisini na sita. Jumamosi ya kwanza nilimwandikia sentensi kumi kuhusu paka, mkeka na ng'ombe. Akazisoma, akalisukuma daftari kwangu.

"Hizi umetoa wapi, bana? Sentensi ya uongo haikai kwa kichwa. Niandikie maisha yako. Ukikosea, utasikia mwenyewe kama imekosea, kwa sababu unajua kile kilitokea."

Nikafanya hivyo. Tulipokuwa kwenye wakati uliopita, niliandika jinsi baba alivyofariki. Tulipofika kwenye jambo lililokuwa limekwisha kutendeka kabla ya jingine, niliandika sentensi moja tu: *When we reached the hospital, the baby had died.* Tulipofika hospitali, mtoto alikuwa ameshafariki. Huyo alikuwa mtoto wangu wa tatu, na sikuwa nimemzungumzia na mtu yeyote kwa miaka minne.

Wifi aliisoma, akaiweka kalamu chini. Hakutia alama ya vema. Aliushika mkono wangu, tukakaa hivyo mpaka chai ikafurika jikoni ikazima moto. Tangu siku hiyo sikumficha kitu. Nilikuwa nikiandika daftarini mambo ambayo kwa Kiswahili nisingethubutu kuyatamka, na yeye anasahihisha tahajia.

Halafu tukafika kwenye sentensi za masharti. Alinifundisha kwamba ziko aina tatu. Ya kwanza ni ya jambo linaloweza kuwa: nikipata, nitafanya. Ya pili ni ya kutamani: ningepata, ningefanya. Ya tatu ni ya mambo yaliyokwisha kupita, mlango umefungwa.

"Hiyo ya tatu ni *ngali*," nikamwambia. "Ningalipata, ningalifanya."

"Ngali?" Akacheka. "Sisi hapa *nge* inatutosha kwa kila kitu."

Kwetu Matisi, kule Kitale, baba na mama walitoka makabila mawili, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili tu, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa mkali kwa mtu anayechanganya *nge* na *ngali*. Nikamweleza wifi tofauti yake. Akaielewa mara moja, akafurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Kumbe! Basi ndiyo hiyo hiyo. Jumatatu nitawafundisha watoto hivyo."

Nataka hili lieleweke vizuri, maana ndilo lililoniuma kuliko yote. Alijua. Tulikuwa tumeizungumza meza moja, yeye na mimi.

Wiki hiyo nikaandika sentensi sita za aina ya tatu. Mojawapo ilikuwa: *If I had had a certificate that year, I would have left Bungoma.* Kama ningalikuwa na cheti mwaka ule, ningaliondoka Bungoma. Wifi akatia vema kubwa, akaandika "Good" pembeni. Kisha akaniangalia.

"Kwani ulitaka kutuacha?"

"Mwaka ule, ndiyo. Mama aliposema yale maneno."

Maneno yenyewe aliyajua. Baada ya mtoto kufariki, mama mkwe alisema mbele ya wageni waliokuja kutupa pole kwamba mimba ile niliibeba vibaya, kwamba mwanawe amezika kwa uzembe wa mtu.

"Lakini yalipita," nikasema.

"Yalipita," akasema, akanimiminia chai.

Shida ilianza niliposema nitakwenda Kitale majuma mawili likizo ya Agosti. Karibu na Kiminini kulikuwa na darasa la watahiniwa wa nje, na ningelala kwa mama yangu. Mume wangu alikubali. Mama mkwe hakuwa ameulizwa. Siku hizo niliona tu kwamba haitikii salamu zangu vizuri. Sikujua kwamba alikuwa amemgeukia binti yake na kumwambia, "Umeshindwa na ndoa yako, sasa unafundisha bibi ya ndugu yako kuvunja yake." Hilo nililisikia baadaye.

Jumamosi moja wifi akaniomba nimwachie daftari. "Nitasahihisha polepole wiki hii," akasema. Halikuwahi kulala nje ya nyumba yangu. Nikaliacha mezani kwake bila wasiwasi wowote, nikaenda kuanua nguo.

Jumapili ya juma lililofuata, mchana, niliitwa nyumba kubwa. Sebuleni nikawakuta mama mkwe, baba mdogo wa mume wangu, mume wangu mwenyewe na wifi. Daftari langu lilikuwa juu ya kitambaa cha meza. Nilidhani wanataka kujua nimefika wapi na masomo. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu.

"Soma pale," baba mdogo akamwambia wifi.

Akasoma. Alisoma kwa sauti yake ya darasani, kila neno limenyooka, na sentensi yangu ikasikika nzuri kiasi cha kunitia aibu.

"Sasa tufasilie. Sisi wengine hatukusoma."

Wifi hakuniangalia. "Anasema, nikipata cheti, nitaondoka Bungoma."

Nilifikiri amekosea. Kweli kabisa, jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba ameteleza, na kwamba nikimkumbusha atajirekebisha, kama nilivyokuwa nikijirekebisha mimi kila Jumamosi.

"Wifi, si hiyo," nikasema. "Hiyo ni ile ya tatu. Na umeacha *mwaka ule*."

"Ya tatu ya nini?" akauliza baba mdogo.

"Ya jambo lililopita. Si kwamba nitaondoka. Ni kwamba ningaliondoka."

"Ati ningari nini? Sisi tunaongea mambo ya nyumba, wewe unatuletea glama?"

Nikamgeukia wifi. "Waambie. Wewe ndiye ulinifundisha."

Alikuwa akivuta uzi wa kitambaa cha meza. "Mimi nimesoma vile imeandikwa," akasema.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nimewahi kutukanwa, nimewahi kusingiziwa, na yote hayo yana namna yake ya kujibiwa. Hapa neno lililonishtaki lilikuwa langu, mwandiko wangu, na pembeni kulikuwa na vema yake nyekundu. Na mtu pekee mle ndani aliyeweza kusema ukweli ndiye aliyekuwa ameugeuza.

Mama mkwe akauliza kwa upole uliozidi, "Mwaka ule, ni mwaka gani?"

Nikaona nimenaswa. Nikinyamaza, mimi ni mtu anayepanga kutoroka. Nikijibu, nitamtia aibu mama mkwe mbele ya shemeji yake. Nikajibu.

"Mwaka tuliozika mtoto."

Mume wangu alikuwa ameinama. Mama mkwe akaikunja upya leso yake mabegani.

"Kwa hivyo ulitaka kuondoka kweli," akasema. "Basi huyu amekosea wapi? Iwe jana, iwe kesho, kuondoka ni kuondoka."

Baba mdogo akasema masomo yasimame kwanza, na mimi niende kwetu nikatulize kichwa mpaka niitwe. Nilimwangalia mume wangu. Nilimpa muda mrefu wa kusema kitu, hata neno moja. Hakusema.

Asubuhi yake, nikichemsha chai, alikuja akasimama mlangoni pa jiko.

"Hiyo ya tatu," akasema, "ni nini hasa?"

Nikamweleza zote tatu, kwa mifano ya chuma na vipimo vya madirisha, ili aelewe. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi.

"Kwa hivyo ulitaka, kisha ukaacha kutaka."

"Ndiyo."

"Na hiyo ya kuacha kutaka hukuandika?"

"Hakuna aliyeniuliza," nikasema.

Alikunywa chai yake akaenda kazini. Mimi nikampeleka mtoto mkubwa shuleni, nikamchukua mdogo, nikaenda Kitale.

Mama yangu hakuuliza mengi. Alinitandikia kitanda, akanipisha meza yake ya cherehani. "Ulikuja kusoma, si ndiyo?" akasema. "Basi soma." Nikaenda darasani Kiminini kila siku likizo nzima. Kanuni zote nilizijua, wifi alikuwa amenifundisha vizuri, siwezi kumnyima haki hiyo. Ila sikuweza tena kuandika kitu cha kweli. Nilipoambiwa niandike insha kuhusu siku nisiyoisahau, niliandika juu ya mavuno ya mahindi kule eneo la Kwanza, nje ya Kitale, shamba ambalo sikuwahi kulikanyaga. Mwalimu, kijana mpole mwenye miwani, alinirudishia akasema, "Sarufi ni safi kabisa, mama. Lakini hii insha haina mtu ndani." Nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo cha shule, nikalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sebuleni.

Mume wangu alianza kuja kila baada ya majuma mawili, na mtoto wetu mkubwa. Mara ya tatu alisema, akitazama chini, "Siku ile ningefaa niseme." Ni hilo tu. Kwake lilikuwa hotuba. Nilikaa Kitale mpaka mtihani ukafika, nikaufanya, na matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu, Kiingereza kikiwa juu ya masomo yote. Sikuitwa kurudi Bungoma. Mume wangu ndiye aliyehamisha mitambo yake, akapata kibanda cha kazi Kitale, tukapanga nyumba Matisi. Nikasomea ualimu wa chekechea.

Siku tuliyohama, mama mkwe alimpigia mwanawe simu na sauti yake ikanifikia nilipokaa: "Si nilisema? Si alisema mwenyewe, akipata cheti ataondoka?" Nilikasirika. Maana sasa ilikuwa kweli. Nilipata cheti na nikaondoka, na sababu ya kuondoka ni ile tafsiri yenyewe.

Wifi sikumwona kwa miaka miwili. Tulikutana Bungoma, sikukuu ya Idi, nyumba imejaa wageni. Alinikumbatia mlangoni kana kwamba tuliachana jana. Wakati wa kula, mgeni mmoja akaniuliza nafanya kazi gani, nami kabla sijamaliza kumeza, wifi akadakia.

"Huyu ni mwalimu! Na mimi ndiye nilimfundisha Kiingereza. Hapa nyuma, jikoni kwangu, kila Jumamosi."

Watu wakamsifu. Mama mkwe naye akatikisa kichwa kwa fahari. Hakusema uongo hata kidogo.

Baadaye nilimkuta peke yake kwenye mfereji, anasuuza sahani. Nikainama kumsaidia.

"Siku ile ulijua," nikasema.

Aliendelea kusuuza sahani ile ile. "Nilijua."

"Basi kwa nini?"

"Mama alikuwa ameniambia nifungashe vitu vyangu. Ati ni mimi ninakuharibu. Ningeenda wapi na mtoto, mulamwa? Wewe ulikuwa na kwenu." Akafunga mfereji. "Na si ulipita mtihani? Si mambo yalikuwa sawa?"

Nilimwelewa. Nadhani nilikuwa nimeshamwelewa hata kabla hajasema, kwa sababu mwanamke aliyerudi kwao anaishi akikumbushwa kila siku kwamba amerudi. Kama angeniambia hayo mapema, jikoni kwake, huenda ningelichana daftari mimi mwenyewe ili abaki salama. Hakuniambia. Alinichagua mimi nilipe, halafu akasubiri nifaulu ili asijisikie vibaya.

"Ndiyo, nilipita," nikamjibu.

Nikajipangusa mikono kwenye leso, nikamtafuta mume wangu, nikamwambia watoto wamechoka, twende. Tulifika Kitale jua bado lipo.

Tunasalimiana kwa simu sikukuu zikifika. Ananiuliza hali ya watoto, nami namuuliza ya binti yake, ambaye sasa yuko kidato cha kwanza na anasoma vizuri. Mwezi uliopita aliniomba nimpokee binti huyo likizo, nimfundishe kuandika insha. Nimekubali. Nitamfundisha vizuri. Ila atakachoandika juu ya mama yake, sitakisoma mbele ya mtu.