Nyuzi Zilizolegezwa

Baba yangu hakuwahi kulitundika gitaa lake likiwa tayari kupigwa. Alipomaliza, alizungusha vishikizo vya kukazia kimoja baada ya kingine mpaka nyuzi zikalegea kama kamba ya kuanikia nguo, ndipo akalirudisha kwenye msumari. Wapigaji wengi wa kwetu, upande wa Kakamega, walifanya hivyo. Namna mtu alivyokaza nyuzi zake ilikuwa mali yake, na mgeni aliyeingia sebuleni akalishika gitaa hakupaswa kuondoka na siri hiyo. Sisi watoto tuliliona jambo la kawaida, kama kufunga mlango wa stoo. Hakuna aliyewaza kwamba ipo siku mwenyewe hatakuwepo kuzikaza tena.

Baada ya mazishi nilirudi Birmingham, na kila Jumapili mchana nilimpigia mama simu. Siku moja, tukiwa tumemaliza habari za mvua na za ng'ombe, alisema, kama mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha, kuwa angependa kuusikia tena ule wimbo ambao baba aliupiga jioni kabla ya chakula. Si kwenye kaseti. Alitaka upigwe. Sikio lake la kushoto, alisema, siku hizi lilipokea maneno na kuuacha muziki nje, na la kulia lilikuwa linaanza kumwiga mwenzake. Nikamwambia nitajifunza.

Gitaa nililipata katika duka la mitumba, likiwa na mkwaruzo mrefu mgongoni. Dada yangu, anayeishi na mama, aliipiga kaseti ya zamani, akairekodi kwa simu na kunitumia. Ndani yake baba anapiga na kuimba, mama anaitikia, mtu anakwaruza chupa ya soda kwa kisu, na kuku analalamika mbali. Niliweka kwenye simu yangu programu ya kupimia nyuzi, ile yenye mshale unaosimama wima ukipatia. Kwa nyuzi za baba kwenye rekodi ile mshale haukusimama. Uliyumba katikati ya sauti mbili kama mtu asiyejua ashuke kituo gani. Nilikaza, nikalegeza, uzi mwembamba ukakatika na kunichapa kidole. Niliweka vidole pale nilipokumbuka kuviona vya baba, lakini kilichotoka kilifanana na watu sita wanaogombana mlangoni.

Nyumba yangu ya Hodge Hill inaegemeana ukuta na ya jirani, mama mmoja wa Lubumbashi anayehudumia wazee katika makao yao na kupiga gitaa kanisani kwake, kwenye ukumbi ulio nyuma ya maghala ya Washwood Heath. Alivumilia majuma kadhaa. Kisha jioni moja akabisha hodi, akiwa bado na sare ya kazi.

"Mukenya," akasema, "unaikaza ao unaichinja?"

Nilimweleza habari za baba, nikamsikilizisha rekodi. Aliisikiliza amesimama, koti mkononi. Akaniambia nisiuamini mshale ule, kwa sababu nilikuwa napima kaseti, si gitaa. Kaseti inadanganyaka, alisema. Betri zikichoka, muntu anaimba chini, na mashini ikienda mbio, anaimba juu. Kwao pia kila mpigaji alikuwa na yake. Kaka yake alitoa uzi wa nne na kutia mwembamba mahali pake ili gitaa lilie juu, na watu wa mtaa wa pili walikesha wakitafuta alichofanya.

Tangu hapo, siku alizokuwa hana zamu, nilikwenda jikoni kwake. Rekodi aliihamishia kwenye simu yake, na yangu, yenye mshale, akaifungia ndani ya droo ya vijiko. Alinikataza pia kutumia mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kutafuta kwenye rekodi zile sauti ambazo baba aliziacha ziendelee kulia huku vidole vikihama, kwa kuwa sauti ya namna hiyo hutoka kwenye uzi usioshikwa. Tulizipata moja moja, tukirudia sehemu ile ile mpaka sufuria ya maharage ikaungua na yeye akanilaumu mimi. Mwishowe akashusha uzi wa sita, wa tano na wa kwanza, kila mmoja hatua moja nzima. Akapitisha kidole gumba juu ya zote bila kushika chochote.

Zililia pamoja, kitu kimoja. Nilijikuta nimegeukia mlango, kama mtu aliyeitwa mezani.

Kujua siri hakukunifanya mpigaji. Koodi, ile mipangilio ya vidole niliyojifunza shuleni, hazikuwa na kazi tena. Vidole vyangu vilikuwa kama mtu aliyehama nyumba lakini jioni bado anakata kona ya zamani. Jirani alicheka kila vilipopotea. Polepole kidole gumba kikajifunza kutembea peke yake kwenye nyuzi nene, na wimbo ukaanza kujulikana. Hata hivyo ulikuwa na ubaridi fulani. Mpangilio ulikuwa sawa, lakini hatukujua baba alianzia sauti ya juu au ya chini kiasi gani.

"Baba yako alikuwa anaanziaka wapi?" jirani akauliza. "Kabla ya kukaza ule wa kwanza, alikuwa anasikiliza nini?"

 Zamani nilikuwa mkusanyaji wa habari za redio, kazi ambayo swali lake la kwanza ni nani aliyekuwepo. Nilikuwa nimeihoji kaseti, nimeuhoji mshale, nimemhoji jirani.

Jumapili nikamuuliza mama. Alicheka kwanza. Alisema baba alianzia kwake. Yeye akichambua mboga, baba alimwambia, "Toa sauti," naye akavuta "mmm" bila kuinua kichwa, na baba akaukaza uzi mpaka ukakaa juu ya sauti hiyo. Hizo nyingine zikaufuata. Siku mama alipokuwa na mafua, gitaa zima lilishuka. Siku walipogombana, alitoa sauti ya juu kusudi, ili baba apate shida ya kuimba.

Nikamwomba anitolee. Akakohoa, akavuta. Ilikuwa chini sana kuliko kwenye kaseti, na ilitetemeka. Akajaribu kuipandisha pale ilipokuwa zamani, ikakatika.

"Haiendi tena huko, mwanangu. Chukua hii iliyopo."

Nilipozishusha nyuzi mpaka kwenye sauti hiyo, zilipwaya na kuvuma kama nzi kwenye kopo. Jirani alinishauri nitie nene zaidi. Nilizitia, na vidole vikaumia upya.

Jumapili iliyofuata nililaza simu kando ya gitaa. Dada alimwekea mama simu yake kwenye sikio la kulia. Nikaanza, mama akaitikia, lakini simu ilichelewesha sauti, na itikio lake lilinifikia nikiwa nimeshapita. Nilipunguza mwendo, naye akapunguza. Kadiri tulivyongojana ndivyo tulivyopoteana.

"Basi," akasema. "Piga wewe. Mimi ninyamaze."

Nikaupiga wote. 

"Nimeusikia," akasema. "Lakini pale katikati baba yako alichelewa kidogo. Alikuwa akinitazama kifua, nikishavuta pumzi ndipo aendelee."

Nikarudia. Nilipofika katikati nikaacha nafasi, nikiwa sina kifua cha kutazama, nikaendelea pale nilipokisia. 

"Sasa wewe nyamaza," akasema, "niimbe ya kwangu."

Akaimba itikio lake peke yake, kwa sauti ile ya chini, na kila palipokuwa zamu ya baba alinyamaza kwa urefu unaotakiwa. Nililaza kiganja juu ya nyuzi zisije zikalia, nikaipitisha sehemu ya baba moyoni, nikasubiri mama aingie tena.