Hongera kwa Suti Mpya

Wenzangu mliokulia Gulwe, wakati tulipojua saa kwa kusikiliza treni, hebu niambieni kama nadanganya: kijiji kizima kilikuwa na suti moja. Makoti yalikuwapo, mashati ya kola yalikuwapo, lakini suti yenyewe, koti na suruali vilivyotoka kwenye kitambaa kimoja, ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya baba yangu.

Ilishonwa na Fundi Rajabu, aliyeweka cherehani yake kwenye baraza ya duka karibu na stesheni. Siku ya kupimwa baba alisimama wima kama anaapishwa, Fundi akamzungushia futi huku chaki ikiwa sikioni, akijinong'onea vipimo. Kitambaa kilikuwa cha kahawia, kahawia ile ile ya vumbi letu, kwa hiyo kuchafuka hakukuonekana. Mabegani Fundi alishindilia vitambaa mpaka baba, mtu wa ugali wa uwele na mlenda, akarudi nyumbani na mabega ya mkuu wa wilaya. Suruali ilikuwa pekosi, pana chini kiasi cha kufunika viatu, na hilo lilitusaidia, maana viatu vyenyewe havikuwa vya kuonyesha watu. Baba alisema suti hiyo ni ya siku moja tu: siku atakayomshika mkono dada yangu Foibe kumpeleka kanisani. Wakati huo Foibe alikuwa bado anacheza rede na mimi nyuma ya nyumba.

Basi suti ikaanza kumsubiri Foibe akue, na ikisubiri ikawa inafanya kazi. Kila mwanaume aliyeoa, aliyebatiza mtoto au aliyeitwa mjini kwa mambo ya kazi alikuja kuiazima. Akiwa mrefu, Fundi alifumua upindo wa suruali. Akiwa mfupi, aliukunja tena. Ikarudi kwetu na harufu za watu, mara sabuni ya kipande, mara tumbaku, mara moshi wa kuni, na mama akaianika.

Ila kulikuwa na adabu yake. Suti ikiwa mwilini mwa mtu, haikuwa ya baba tena. Ukikutana naye ulimpa mkono na kumwambia, "Hongera kwa suti mpya," naye akaitikia, "Ahsante." Ilikuwa mpya kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi. Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kupongeza, tena kwa mshangao kabisa, akipapasa kola kama hajawahi kuiona. Siku moja kanisani nilipiga kelele, "Ile suti ni ya baba!" Mama alinifinya paja mpaka nikaimba wimbo uliofuata kwa sauti ya juu kuliko kwaya.

Hatimaye Foibe akachumbiwa na Yona, kijana wa kijiji cha jirani aliyekuwa kibarua wa reli. Jioni ya kuamkia harusi akaja mjomba wake Yona. "Mbukwenyi!" akasalimu, akakaa, akanywa uji, akasifia mbuzi wetu, akalalamikia mvua. Mwishowe akakohoa.

"Mzee, kuna kijana wetu ana shughuli kesho."

Baba aliinuka, akaitoa suti kwenye msumari ukutani, akaikunja ndani ya kanga na kumkabidhi. Mjomba alipotoka tu, mama akafoka.

"Baba Foibe, hapa kesho kuna shughuli gani zaidi ya yako? Na wewe utavaa nini?"

"Mtu akikuomba nguo humuulizi anakwenda wapi," baba akajibu. Akakaa akiuangalia ule msumari. Niliumia, maana nilijua ameisubiri siku hiyo kuliko bibi harusi mwenyewe.

Tulikuja kusikia kwamba suti ya Yona ilikuwa imetobolewa na pasi ya mkaa, shimo la ukubwa wa sahani, pale pale pa kukalia.

Asubuhi mama akamtolea baba koti alilomnunulia mnadani kwenye mitumba kwa ajili ya baridi ya Juni. Lilikuwa la bluu ya maji, laini, refu mpaka magotini, na mkanda wa kufunga kiunoni. Kifuani lilikuwa na taji la nyuzi za dhahabu, nasi tulikuwa na hakika kwamba lilitoka kwa mtu mwenye cheo. Baba akalivaa juu ya shati na tai, akamshika Foibe mkono.

Mbele ya kanisa alisimama Yona, ndani ya kahawia. Baba alimtazama kuanzia mabegani hadi kwenye upindo.

"Hongera kwa suti mpya, mwanangu."

"Ahsante, baba," Yona akaitikia, akiangalia chini.

Ibada ilipokwisha, watu walijipanga kumpongeza baba kwa lile koti. Mwinjilisti aliliazima Pasaka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtumishi wa serikali, nilipelekwa semina kwenye hoteli moja Dodoma mjini. Nilifungua mlango wa bafuni, nikalikuta koti la baba linaning'inia, mkanda wake, taji lake, likinisubiri nitoke kuoga nijifutie maji. Nilikaa ukingoni mwa beseni nikacheka, halafu nikajikuta nalia.

Siku hizi hapa Ihumwa ninakoishi, kila mwanaume ana suti, na nyingine zina picha za mananasi. Suruali zinabana na kuishia juu ya kifundo, kama vijana wote wanavuka mto, na soksi zimepigwa marufuku sijui na nani. Mume wangu ana kabati zima. Hakuna aliyewahi kupiga hodi kuazima, na akija, najua tutamuuliza anakwenda wapi.

Juzi tulimwoza Neema, binti wa Foibe anayesoma chuo kikuu pale Chimwaga. Nilimpa bwana harusi mkono, nikamwambia, "Hongera kwa suti mpya, baba." Kijana wa watu akajibu kwa uaminifu, "Ni ya kukodi, mama mdogo. Jumatatu nairudisha."

Mezani Neema alikuwa akizungusha simu yenye picha ya harusi ya wazazi wake. "Mama mdogo, jamani! Babu aliingia church na bathrobe? Serious?" Meza nzima ikavunjika mbavu, na mimi nikiwemo. Shemeji Yona hakucheka. Alikuwa ameinamia sahani yake.

Foibe akaichukua ile simu, akafuta kioo kwa pindo la kitenge. Akamtazama baba yetu mle pichani.

"Hongera kwa suti mpya, baba," akamwambia.