Kompyuta Iliyozeeka Asubuhi Moja

Kwa miaka mingi nimekana kwamba mimi ndiye niliyeizeesha kompyuta ya ofisi yetu ya mifugo mjini Garissa. Leo nakiri.

Miaka hiyo ya tisini, mwenye digrii pale nilikuwa mimi peke yangu, na sikumruhusu mtu mwingine kuigusa mashine ile. Hata vumbi niliifuta mwenyewe kila asubuhi, kwa pembe ya mtandio wangu. Siku moja, baada ya kuifuta, ikaanza kujikokota, na ile namba iliyokuwa ikiwaka mbele yake ikashuka kutoka 66 hadi 33. Nikawatangazia wenzangu kwamba ubongo wake umechakaa, nguvu zimebaki nusu. Nikaandika barua Nairobi kuomba istaafishwe.

Abdi, mkaguzi wetu wa ngamia, akacheka. "Abaayo, dada yangu, mimi naangalia meno ya ngamia kujua umri wake miaka ishirini. Hakuna hata moja imezeeka asubuhi moja."

"Ngamia hana digrii, na wewe pia huna," nikamjibu.

Wiki iliyofuata fundi akapiga simu kutoka Nairobi. Laini ilikuwa mbovu, akalazimika kupaza sauti, na ofisi nzima ikamsikia.

"Dada, ubongo wa kompyuta hauzeeki hivyo! Kando ya hiyo namba kuna kitufe cha kasi. Kuna mtu alikigusa bila kujua. Kibonyeze tena."

Nikakibonyeza. 66.

"Mashallah," akasema Abdi, "imerudi ndama."

"Halo?" fundi akauliza. "Nani hufuta vumbi hapo?"