Ndege Aliyesikika Kibokoni

Kwa heshima zote natangaza: leo Kibokoni amesikika ndege asiye kunguru.

Maktaba yetu ya mtaa ilikuwa na Siku ya Mazingira, tukapandishwa juu ya paa kusikiliza ndege.

Kunguru watupu.

Bi Zuhura alikuja na mjukuu wake, Nuru. Kila siku humhadithia habari za kurumbiza, ndege aliyekuwa akiwaamsha kwa kuimba kabla miti ya uani haijakatwa.

Nuru haamini.

"Bibi, huyo wamtunga wewe."

Bi Zuhura akainamisha kichwa. Sote tukawa twatazama viatu vyetu.

Mara, kutoka chini: trrrii, trrrii, trrrii!

"Huyo! Nyamazeni! Wamsikia, mwanangu?"

Jamani, bibi wa watu alilia. Nuru akamkumbatia, akamwomba radhi. Mkutubi naye akatoa leso.

Ndege akarudia vilevile, bila kukosea hata kidogo. Hapo nikaanza kuingiwa na shaka.

Kisha sauti ya mwanamke, nyumba ya pili: "Nani? Ngoja, naja!"

Hakuna aliyethubutu kumtazama Bi Zuhura.

Mlioko mtaa wa Kuze, niambieni kama kwenu kurumbiza bado yuko.

Wetu ni kengele ya mlango.