Ukiulizwa Mama Yako Nani

Watu wana msemo wao wa kujifariji, eti yaliyopita si ndwele. Si ndwele kwa nani? Mimi ni bibi kizee sasa, meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu, na bado nikisikia buti mlangoni natafuta pa kujificha. Kwa hiyo asinifundishe mtu.

Nimelelewa na mama wawili, mtu na mdogo wake, katika tembe moja upande wa Bahi. Aliyenizaa ndiye mkubwa: mrefu, mkali, ulimi pilipili. Mdogo wake alikuwa mpole, mtu wa kucheka, na kifua kilimsumbua tangu utotoni. Nilipokuwa mdogo kabisa nilimwita huyu mama mdogo, na yule nikamwita mama, kama watoto wote. Vita vya Mdachi ndivyo vilivyopindua mambo.

Mdachi alikuwa ametuzoea. Alishachukua ng'ombe, akachukua mtama ghalani, halafu akachukua wanaume wabebe mizigo ya askari wake. Baba yangu na mume wa mama mdogo waliondoka siku moja, wamefungwa kamba moja, na hakuna aliyetuletea hata salamu zao. Wanaume walipokwisha, akida wake akatuma neno: sasa wanawake. Aachwe tu mwenye mtoto mgongoni, maana mtoto akilia msafara unachelewa.

Mama mdogo hakuwa na mtoto. Mtoto wake tulikuwa tumemzika wakati wa mvua. Tena homa ilikuwa imemlaza, akisimama anashika ukuta. Na habari za njia kila mtu alizijua: aliyeanguka na mzigo hakungojwa. Mzigo alipewa mwingine, yeye akaachiwa fisi.

Asubuhi hiyo mama alikuwa anatwanga uwele kidogo uliobaki. Tukasikia buti. Ninalolikumbuka mwenyewe, si la kusimuliwa, ni hili: nilinyanyuliwa kwa mkono mmoja, nikabwagwa mgongoni kwa mama mdogo, nikakazwa kwa kaniki hadi nikakosa pumzi. Nilikuwa mtoto wa kutembea, miguu ikaning'inia mpaka magotini kwake. Mgongo wake ulikuwa wa moto. Mama akanishika taya.

"Ukiulizwa mama yako nani, sema huyu."

Mama mdogo akaanza kulia. "Dada, usifanye hivyo. Dada, huyu ni wako."

"Nyamaza wewe! Ukilia watajua."

Wakaingia. Askari mmoja akaitazama miguu yangu, akacheka, akauliza jitoto lote hili bado linabebwa? Kisha akaniinamia. "Mama yako nani?"

"Huyu," nikasema, nikaulaza uso wangu kwenye ule mgongo.

Mama akatoka nao bila kugeuka nyuma. Mchi aliuacha ndani ya kinu.

Mama mdogo alipona. Mvua zikatukataa, akanilisha ubuyu na mlenda mkavu, akachimba mizizi, akaenda kuvua kambale kwenye tope naye hata kuvua hajui. Kila jioni alinikumbusha: mama yako ni dada yangu, atarudi. Lakini mtoto ana kichwa cha kuku. Nilimwita mama yule niliyemwona.

Aliyenizaa aliporudi, Mdachi alikuwa ameshafukuzwa na Mwingereza amekalia kiti kile kile. Niliona mwanamke amesimama mlangoni, shingo imezama mabegani, na begani ana sugu jeusi kama la punda. Nikakimbilia ndani. "Mama, kuna mtu!"

Mama mdogo akanisukuma mbele. "Mtu gani, mjinga wewe! Huyo ndiye mama yako!"

Nikapiga mayowe, nikamng'ang'ania miguu. Yule mgeni akanitazama. Jamani, sijawahi kuona tena uso kama ule, na siombi kuuona. Kisha akaketi chini, akaomba maji.

"Mwache," alisema. "Aniite mama mkubwa. Si uongo, mimi ni mkubwa kweli."

Basi nikamwita mama mkubwa. Nilipovunja ungo mama mdogo alinikalisha chini, akanieleza yote. Nikaenda kumuuliza mwenyewe. Akasema, "Ndiyo. Haya, kachote maji." Ndivyo alivyokuwa, na mimi mdomo wangu ulishazoea. Wakazeeka pamoja wakitaniana juu yangu. "Mwizi wa mtoto wee," mama mkubwa alimwambia mwenzake, "na malezi yenyewe mabaya, hata ugali hajui kusonga!" Naye anajibu, "Si ulinitupia mwenyewe mgongoni!" Wanacheka mpaka wanakohoa. Baadaye mama mdogo anakwenda nyuma ya tembe kufuta macho, akidhani simwoni.

Yeye ndiye aliyetangulia, kwa kifua kile kile. Mama mkubwa alibaki miaka mingi, akili ikimtoka kidogo kidogo, na kitanda cha mdogo wake alikataa katakata kisiondolewe.

Siku moja wakaja watu wa afya kupuliza dawa ya mbu, vijana wapole, buti miguuni. Mkubwa wao akaamkia, "Shikamoo bibi," kisha akanigeukia. "Huyu ndiye mama?"

Nikafungua kinywa nijibu. Mkono wa mama mkubwa, kutoka kitandani alikolala, ukanidaka taya, sijui nguvu alizitoa wapi.

"Sema yule," alininong'oneza, akionyesha kitanda kitupu. "Ana homa. Mzigo hauwezi. Sema yule!"

"Mama ni wewe," nikamwambia. Mara ya kwanza hiyo tangu utotoni, na mvi zangu kichwani. "Mama yangu ni wewe."

Akazidi kunikaza taya, machozi yanamtiririka. "Watamchukua! Mwanangu, watamchukua!"

Ningefanya nini? Nikamgeukia yule kijana, nikanyoosha kidole kwenye kitanda kisicho na mtu. "Mama yangu ni yule," nikasema.

Mkono wake ukalegea kwenye taya langu. Akashuka kitandani polepole, akaitafuta khanga yake, akajifunga kiunoni. Akamwendea yule kijana.

"Haya," alimwambia, "twende."