Aliposema "Iko Nguvu", Nikanunua Karavani

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili usipoteze muda kumtafuta mkosaji mwingine unapoendelea kusoma. Muuzaji hana kosa, mvua haina kosa, na jirani yangu ndiye asiye na kosa kuliko wote, ingawa kwa muda fulani watu walimwona yeye ndiye mbaya. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo.

Tunaishi Stechford, hapa Birmingham. Mimi nimekulia Garissa. Yeye ametoka Bukavu, akapitia kambi za wakimbizi kabla ya kufika huku. Nitamwita Baba Neema, ingawa binti yake haitwi Neema. Yeye huniita Papa Hodan, kwa desturi ya kwao. Nyumba zetu zinatazamana, na siku za mapumziko tulikuwa tunakunywa chai kwake au kwangu bila kualikana.

Baba Neema si fundi wa chochote. Anafanya kazi ghalani upande wa Washwood Heath. Lakini wageni wasio na ndugu mjini humwomba awasindikize kutazama gari la mtumba au nyumba ya kupanga, kwa sababu tabasamu la muuzaji halimlainishi hata kidogo. Watu walimwamini. Ugenini hilo si jambo dogo, na ndilo nililolichezea.

Basi likanishika wazo la karavani ya kukunja. Kama hujawahi kuiona, ni sanduku la chini lenye magurudumu mawili, unalivuta nyuma ya gari. Ukifika unakokwenda unalifungua, vitanda vinatoka pande mbili, na turubai linasimama juu yake kama hema. Nilikwisha kujiona pwani ya Wales, watoto wanakimbia, mimi nachemsha chai. Mpya hatuiwezi. Kuukuu nikaipata kwenye tangazo, iko Great Barr.

Nikamwomba Baba Neema twende pamoja, maana gari lake lina ndoano ya kuvutia trela.

"Papa Hodan, miye nilikaa mu hema miaka mingi, tena bure. Sasa weye unaenda kununua shida na pesa yako?"

"Hema la likizo ni tofauti."

"Tofauti gani? Mvua inajua kama uko mu likizo?"

Tukacheka, tukaenda.

Ujanani niliwahi kukusanya habari za redio, na ugonjwa wa kuuliza haujaniisha. Nilimhoji muuzaji, mzee wa Kiingereza, kama waziri: matairi, gesi, wamiliki wa zamani, karavani ililala wapi majira ya baridi. Alinijibu yote kwa upole. Kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo aliifungua nusu tu, akaeleza kwamba turubai likikunjwa likiwa limelowa litaharibika. Nikaona ana busara.

Wakati huo Baba Neema alikuwa akiikagua karavani. Alipiga magoti, akaibonyeza sakafu kwa ngumi, akatingisha vyuma, akachomeka pua kwenye mkunjo wa turubai. Nikamuuliza kwa Kiswahili, mzee asielewe.

"Unaionaje?"

"Iko nguvu," akasema. "Hii iko nguvu sana, Papa Hodan."

Hapo hapo nikampa mzee mkono. Baba Neema akanitazama, akafungua kinywa, akakifunga, akaenda kurudisha gari nyuma ili tuifunge.

Jumamosi ya kwanza yenye jua niliifungua yote mbele ya nyumba, majirani wakitazama. Zipu ilibaki mkononi mwangu. Turubai lilikuwa na ukungu mweusi kila kona. Binti yangu Hodan, ambaye anasikia Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, alisema inanuka soksi. Mke wangu akapanda na sinia la sambusa ili tuizindue, na mguu wake ukapita sakafuni hadi gotini. Hakuumia. Alisimama vile vile, mguu mmoja ndani ya karavani na mwingine juu ya lami, sinia limenyooka.

"Baba Hodan, nani aliikagua hii?"

"Baba Neema. Alisema ina nguvu."

"Nguvu ya nini?"

Swali zuri. Ningevuka barabara nikampelekea mwenyewe. Badala yake nilichukua simu, nikarekodi ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la wazazi: "Ndugu zangu, mnaomchukua jirani yetu kukagua vitu, muwe macho. Kaniambia karavani ina nguvu, kumbe sakafu imeoza. Sijui yeye na muuzaji walielewana nini."

Sentensi hiyo ya mwisho! Sikuwa na ushahidi wowote. Siku ile Baba Neema na mzee hawakuzungumza lolote zaidi ya hali ya hewa.

Baba Neema alitoka kwenye kundi. Chai ikakoma. Familia iliyokuwa imemwomba aisindikize kutazama gari ikamwambia imepata mtu mwingine. Sauti yangu ikasafiri hadi Leicester, na binamu yangu wa huko akanirudishia kama habari mpya: "Umemsikia huyo tapeli wa kwenu Stechford?" Na mimi, msinicheke, nikajisikia mwandishi.

Kisha ikaja siku moja kwenye darasa la ziada la watoto. Mama Neema alikaa upande wa mbali na mimi, na sikumlaumu. Neema, aliyekuja huku akiwa mkubwa kidogo na bado anaongea kama kwao, alikuwa akihangaika na hesabu. Akaweka kalamu chini.

"Mama, hii iko nguvu. Siwezi."

"Kama iko nguvu, uliza mwalimu. Usilie."

Nilihisi masikio yanapata moto. Hesabu ina nguvu gani? Nikamsogelea mama mmoja wa Goma, nikamuuliza kwa sauti ya chini: kwenu, kitu kikiwa nguvu, kikoje? Akanishangaa. "Kiko kigumu. Kinasumbua."

Siku hiyo hiyo nikapiga hodi kwa Baba Neema.

"Uliniambia iko nguvu," nikasema.

"Ndiyo. Nilikuambia."

"Kwetu, kitu chenye nguvu ni kitu imara."

Mabega yakaanza kumtikisika. "Miye naona unapatia muzee mukono, nikasema, huyu Mukenya haogopi kitu." Alicheka mpaka akajifuta macho. Nami nikacheka, nikidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Alipotulia alisema, "Ile neno miye nakusamehe, iko ya kuchekesha. Lakini muzee ulimuuliza mambo yote, mpaka gurudumu. Miye, siku sakafu ilivunjika, hukuniuliza hata moja. Uliuliza telefone."

Nikaitoa simu mfukoni.

Nilirekodi ujumbe wa pili palepale mlangoni kwake, nikitaja jina lake na kosa langu. Wachache walicheka. Wengi hawakujibu. Mmoja akauliza amenipa nini ili nimsafishe. Ujumbe wa kwanza ulifika Leicester wenyewe. Huu wa pili nilimtumia binamu kwa mkono wangu, na hajaufungua.

Baba Neema hajarudi kwenye kundi. Chai tunakunywa tena, ila sasa tunaalikana kwanza.

Kwa hiyo, wewe unayesoma: karavani kuukuu ifungue yote kabla ya kuinunua, hata kama mvua inanyesha, na usimame ndani yake wewe mwenyewe kabla ya mkeo. Ukiambiwa neno na mtu unayedhani mna lugha moja, mwambie alirudie kwa maneno mengine. Na siku hasira ikikupeleka kwenye kile kitufe cha kurekodi, kiache, uvae viatu uende kwake. Mimi nilikuwa na barabara moja tu ya kuvuka.